Ngiri haingoji mnada wa korosho

Juma lililopita nilipigiwa simu kutoka Newala. Aliyepiga ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, mkulima wa korosho na muhogo, mtu wa miaka arobaini na mitatu mwenye nguvu zake. Baada ya salamu na habari za nyumbani akaniambia, tena kwa furaha kabisa: "Kaka, nimesikia daktari wako huko Dar es Salaam amekwambia ngiri siyo ya kukimbilia kisu. Basi na mimi nimeahirisha. Nitakwenda baada ya korosho."

Nilitaka kumjibu, lakini salio likamwishia, simu ikakatika.

Ni kweli daktari aliniambia hivyo. Ni kweli pia kwamba mimi ndiye niliyemsimulia dada yangu, na dada akayafikisha maneno kijijini. Lakini maneno ya daktari yalikuwa na kipande cha pili, na kipande hicho kilidondoka mahali fulani njiani kati ya Dar es Salaam na Newala. Kwa hiyo mazungumzo ya leo nayafanya kwanza kwa ajili ya binamu yangu. Ninyi wengine mnisamehe kwa kuwasikilizisha mambo ya ukoo, ingawa nina hakika kwamba katika kila nyumba kumi za wanaonisikiliza yumo mtu mwenye jambo hili ambaye hajamwambia hata mkewe.

Ngiri ni nini hasa? Tumbo la binadamu lina ukuta wa misuli unaoyazuia matumbo yasitokeze nje. Katika ukuta huo kuna mahali pachache palipo dhaifu tangu tunapozaliwa, hasa kinenani, pale ambapo kwa wanaume korodani zilipita zikishuka kabla hatujazaliwa. Mahali hapo pakiachia, utumbo au mafuta ya tumboni husukuma na kutokeza uvimbe chini ya ngozi. Mtu akikohoa, akibeba mzigo au akijikamua chooni, uvimbe hutoka. Akilala chali, hurudi ndani. Hiyo ndiyo ngiri ya kinena, na wanaume huipata kwa wingi kuliko wanawake. Haisababishwi na kurogwa, wala haitokani na kulala na mwanamke fulani, kama nilivyosikia mzee mmoja wa Masasi akieleza kwenye kibaraza mbele ya vijana waliokuwa wakimwamini.

Kwetu hata jina linatuchanganya. Watu wengi husema "mshipa", na ndani ya neno hilo hutia kila kinachovimba kuanzia kitovuni kwenda chini: ngiri, busha, hata jipu. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, na katika mikoa ya pwani na kusini mara nyingi hutokana na vijidudu vinavyoenezwa na mbu, vile vile viletavyo matende. Busha haliondoki ukilala. Ngiri, angalau mwanzoni, huondoka. Busha likikaa miaka kumi humletea mtu aibu na uzito, lakini ni nadra kumuua kwa usiku mmoja. Ngiri yaweza. Zilipofanyika kampeni za kupasua mabusha bure katika mikoa ya Lindi na Mtwara, wanaume walijitokeza, na hilo ni jambo la kushukuru, kwani lilivunja ukimya. Lakini mwenye ngiri aliyejihesabu kuwa ana busha hafai kukaa nyumbani akingoja kampeni nyingine ipite kijijini kwake.

Wapo na wale wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme, hapa Dar es Salaam na sasa hata huko Masasi: dawa ya ngiri, dawa ya chango la kiume, dawa ya nguvu, vyote katika chupa moja. Sina ugomvi na waganga wa jadi kwa mambo wanayoyajua. Ila tundu lililo katika ukuta wa tumbo la mtu mzima haliwezi kuzibwa na kitu kinachonywewa. Hata mkanda wa kubana kinena, ambao wazee wetu wengine huuvaa miaka na miaka, hausaidii zaidi ya kuuzuia uvimbe kwa muda.

Sasa nirudi kwa mjomba, baba yake huyo binamu.

Mjomba wangu anaishi chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, upande unaotazama Mto Ruvuma. Anayepajua Newala anajua ninachokisema. Ukisimama pale Shimo la Mungu ukaangalia kusini, unaona bonde lote chini yako na Msumbiji ng'ambo, na unajiuliza watu wa huko chini hupandaje kuja sokoni. Hupanda kwa miguu, au kwa pikipiki njia ikiwa kavu. Mwaka 2002 nilipokwenda likizo, mjomba aliniita nyuma ya nyumba akanionyesha uvimbe wa kadiri ya limau. Nikamwambia aende hospitali. Akaniambia, "Mwanangu, nitakwenda. Ngoja tuuze korosho."

Akauza korosho. Lakini mvua zilikuwa zimeshaanza, na mtu hawezi kulala hospitali wakati wenzake wanapanda. Baada ya kupanda kukawa na palizi. Baada ya palizi ikaja njaa ya Februari na Machi, fedha za korosho zikaishia kwenye unga. Ulipofika mwezi wa tano akavuna mahindi, akaanza kufyeka chini ya mikorosho, na mara majani mapya yakatoka, ikabidi apige salfa. Mwaka mwingine kulikuwa na jando la mtoto wa dada yake, na yeye ndiye mjomba, ataachaje? Mwaka mwingine tena korosho zilikubali sana, akasema ni dhambi kuzilaza chini ya miti. Hivyo ndivyo ilivyopita miaka tisa, na limau likawa embe dodo. Mimi simcheki. Nimeupitia mwaka wa mkulima wa korosho mwezi kwa mwezi nikitafuta uliobaki wazi kwa ajili ya ngiri, sikuuona.

Usiku mmoja wa Februari 2011, yapata saa mbili, mjomba aliinua dumu la maji. Uvimbe ukatoka kama siku zote, lakini safari hii haukurudi. Akalala chali, wapi. Akaukanda kwa maji ya moto, ukazidi kuuma na kuwa mgumu kama jiwe. Kufika saa sita alikuwa anatapika. Mvua ilikuwa inanyesha, na pikipiki ya pekee kijijini haikuweza kuupanda mlima ule kwa utelezi. Alfajiri vijana wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakakibeba begani, wakaanza kupanda. Binamu yangu huyu aliyenipigia simu alishika mguu mmoja wa kitanda. Walipofika barabarani wakasubiri gari, na gari lililopatikana likakwama njiani mara mbili. Mjomba alifika kwenye meza ya upasuaji saa kumi jioni. Hesabu mwenyewe: ni saa ishirini.

Madaktari walikuta kipande cha utumbo kimeshakufa. Kinachotokea ni hivi: utumbo hupita kwenye tundu jembamba, tundu likaubana, ukavimba, ukashindwa kurudi, na mishipa inayoupelekea damu ikanyongwa. Baada ya hapo ni suala la saa, siyo siku. Madaktari hutaja kama saa sita kabla utumbo haujaanza kuoza, wakati mwingine zaidi, wakati mwingine pungufu. Wakamkata kipande kile, wakaunganisha kilichobaki. Alikaa hospitali majuma matatu. Alipona, namshukuru Mungu, na yuko hai hadi leo. Lakini mikorosho thelathini iliwekwa rehani kulipia gari, dawa, damu na chakula cha waliomuuguza, na msimu ule mzima hakugusa jembe. Huyo binamu yangu ndiye aliyeikomboa mikorosho hiyo. Ilimchukua miaka minne.

Na sasa yeye mwenyewe ana ngiri, upande ule ule wa kulia, na anangoja korosho.

Nisimwonee. Ana sababu zake, na nyingine ni nzito. Alikwisha kupanga kwenda mwishoni mwa mwaka 2018. Wasikilizaji mtakumbuka msimu ule: bei mnadani ilianguka, wakulima wakagoma kuuza, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilipendeza, lakini malipo yakawachelewa wengi, naye akiwemo. Fedha zilipofika zilikuwa na wenyewe tayari. Tangu hapo kila mwaka umeleta la kwake.

Sasa niwaeleze juu ya daktari wangu. Mwaka jana nilipokuwa ninaoga niligundua uvimbe mdogo kinenani, mdogo kuliko yai la kuku. Hauumi. Nikaenda hospitali, nikapimwa nimesimama, nikaambiwa nikohoe, nikalala. Daktari akasema ni ngiri, na kwamba kwa kuwa hainisumbui naweza kungoja huku nikiangaliwa kila baada ya miezi sita. Nilishangaa, kwa sababu ya yaliyompata mjomba. Akanieleza kwamba huko Marekani ya Kaskazini madaktari waliwafuatilia wanaume 720 wenye ngiri isiyowasumbua. Baadhi walipasuliwa mara moja, wengine wakaambiwa wangoje. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Katika wale waliongoja, waliopatwa na dharura ya kubanwa hawakufika hata wawili kwa kila watu elfu moja kwa mwaka. Ndiyo kusema kwamba kungoja hakukuwa wazimu.

Lakini aliongeza mambo mawili. La kwanza, karibu robo ya waliokuwa wakingoja waliomba kupasuliwa kabla ya miaka miwili kwisha, wengi kwa sababu ya maumivu, na walipofuatiliwa hadi miaka kumi, theluthi mbili na zaidi walikuwa wameshapasuliwa. Kwa hiyo anayengoja anaahirisha tu, hajasamehewa. La pili ndilo lile lililodondoka njiani. Daktari aliniuliza ninakaa wapi. Nikamwambia. Akasema: "Kutoka kwako mpaka hapa ni dakika ishirini, usiku na mchana, mvua na jua. Ndiyo sababu nakuruhusu. Ungekuwa unaishi huko kwenu ukingoni, ningekuandikia tarehe leo."

Wale wanaume 720 waliishi mahali ambapo mtu akibanwa saa mbili usiku, saa nne anaweza kuwa mezani. Kubanwa kwao kulikuwa dharura. Kubanwa kwa mjomba kulikuwa karibu hukumu. Ngiri ni ile ile. Kinachotofautiana ni kitanda cha kamba, utelezi, na gari lililokwama.

Kwa hiyo namwomba binamu yangu, na kila aliye katika hali yake, afanye hesabu moja. Kutoka kitandani kwako hadi kwenye meza ya upasuaji yenye mpasuaji na mtu wa kutoa dawa ya usingizi ni saa ngapi? Usiifanye hesabu hiyo ya mwezi wa nane mchana, barabara ikiwa kavu na vumbi linapaa. Fanya ya mwezi wa tatu usiku. Mwenye pikipiki ni nani, na hukaa na petroli? Kilima kinapandika? Hospitali ya karibu hupasua usiku, au itakupa rufaa ya kwenda mbele zaidi? Barabara ya Mtwara hadi Newala hadi Masasi ni kilometa 210, na imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande. Lami ni neema, lakini haishuki hadi mlangoni kwako bondeni. Ukimaliza hesabu hiyo ukaona saa zinazidi tano au sita, basi wewe siyo mtu wa kungoja, hata kama ngiri yako haiumi.

Nani basi anaweza kungoja? Mwanamume ambaye uvimbe wake ni mdogo, haumsumbui, unarudi wenyewe, na anaishi karibu na chumba cha upasuaji. Mzee sana mwenye moyo au mapafu mabovu, ambaye kisu chenyewe kinaweza kuwa hatari kuliko ngiri. Huyu aamue pamoja na daktari. Wapo pia wanaotakiwa kutibiwa kwanza jambo lingine. Mwenye kikohozi cha muda mrefu, mwenye choo kigumu, au mzee anayejikamua kupata mkojo kwa sababu ya tezi dume, akishonwa leo bila kutibiwa hayo, anaweza kuifungua mishono kwa kujikamua kwake.

Mwanamke mwenye uvimbe kinenani yeye asingoje kabisa. Ngiri kwa wanawake ni chache, lakini mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume hutokea kwenye tundu la chini zaidi, jembamba, juu ya paja, na hiyo hunyonga upesi kuliko ya wanaume. Akina mama wa uwandani waliobeba ndoo za maji kutoka mabondeni maisha yao yote wasiambiwe kuwa ni tezi tu. Kwa watoto, wazazi wengi hugeuza mambo. Kitovu kilichotokeza cha mtoto mchanga huwatia hofu, hukifunga sarafu na kitambaa, ilhali kwa kawaida hujifunga chenyewe kabla mtoto hajafika miaka minne au mitano. Uvimbe wa kinena kwa mtoto mchanga, ambao wengi huusubiri ukue naye, ndio usiojifunga na unaoweza kubanwa mapema. Huo upelekwe hospitali juma hilo hilo.

Kuna na ile siku ambayo hakuna tena cha kuamua. Uvimbe uliokuwa ukirudi umekataa kurudi, umekuwa mgumu na unauma, mtu anatapika, tumbo linajaa, hapati choo wala hewa. Hapo asikandwe, asipewe dawa ya kuendesha, asilazwe kungoja asubuhi. Mjomba alipoteza usiku mzima kwa maji ya moto.

Najua kinachowazuia wanaume wengi kuliko fedha. Wanaogopa kwamba wakipasuliwa kinenani hawatakuwa wanaume tena. Nilimwuliza daktari bila kuona haya, kwa kuwa na mimi ni mwanamume. Alisema mpasuaji hufanya kazi karibu na mishipa inayokwenda kwenye korodani, kwa hiyo huwa mwangalifu, na ni mara chache korodani kudhurika. Tendo la ndoa halitegemei mahali panaposhonwa. Wachache hubaki na maumivu ya muda mrefu, na ngiri yenyewe inaweza kurudi, hakunificha hayo. Lakini ngiri inayopasuliwa ikiwa tulivu, kwa dawa ya ganzi au sindano ya mgongoni, humalizika kwa saa moja au zaidi kidogo, na mtu hurudi kwake siku hiyo au ya pili yake akitembea kwa miguu yake. Baada ya hapo kazi nyepesi, na mizigo mizito aisahau kwa majuma manne hadi sita. Linganisha na majuma matatu ya mjomba kitandani na mwaka mzima bila jembe.

Wala upasuaji wenyewe siyo jambo la juzi. Kushona tundu la kinena kwa namna inayofahamika leo kulianzishwa na daktari wa Italia, Edoardo Bassini, mwaka 1884. Siku hizi wapasuaji wengi huweka wavu mwembamba kuimarisha mahali palipo dhaifu. Wavu wa kiwandani ni ghali, na hapo jirani zetu Uganda wametufundisha jambo. Matokeo ya utafiti uliofanywa huko kwa wanaume 302, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalilinganisha wavu wa kiwandani na wavu wa aina ya chandarua uliosafishwa kitaalamu. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana. Waliorudiwa na ngiri ni kama hakuna. Naomba mtu asitoke hapa akakate chandarua cha watoto akakipeleka hospitali. Kinachotakiwa ni kilichochemshwa na kuuawa vijidudu kwa mashine.

Na nchi hii ya Masasi na Newala inakijua kisu tangu zamani. Mwaka 1935 alifika daktari Mwingereza, Leader Stirling, aliyetumwa na misheni ya UMCA, akafanya kazi Lulindi, chini ya uwanda, katika hospitali ya kuta za udongo na paa la nyasi. Ndiye huyo huyo ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980. Leo iko hospitali ya wilaya Newala, iko Mkomaindo pale Masasi, iko ya Wabenediktini Ndanda, na tangu mwaka 2017 Serikali ilianza kujenga vyumba vya upasuaji hata katika vituo vya afya. Vyumba hivyo vilikusudiwa kwanza akina mama wanaoshindwa kujifungua, na mtu asifikiri kila kituo kitapasua ngiri. Aulize. Lakini kuuliza ni bure, na binamu yangu anaishi kilima kimoja tu chini ya Newala.

Imebaki fedha, na hapa sitaki kujifanya kwamba ni jambo dogo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, lakini sheria kupita na kadi kuwa mfukoni mwa mkulima ni mambo mawili. Ninachojua ni kwamba fedha za korosho hushuka kwa mkupuo, mnada baada ya mnada, kati ya Oktoba na Januari, na hutoka kwa mkupuo vile vile. Mabati, pikipiki, ada za shule, sherehe. Mwenye ngiri akitenga fungu siku malipo yanapoingia, akalitia mikononi mwa mkewe na siyo mfukoni mwake, anaweza kwenda mwezi wa nne au wa tano, kati ya palizi na salfa. Sisemi kwamba wakati huo hana kazi. Kazi ipo. Lakini ni wakati ambao kazi yake inaweza kushikwa na mtu mwingine, na kwetu, ambako wanaume wengi huoa na kuhamia ukweni, shemeji hawakosekani.

Jana jioni binamu yangu alipiga tena. Safari hii aliazima simu ya baba yake, na niliisikia sauti ya mjomba nyuma ikimwambia anieleze vizuri, asikate maneno. Nilimsalimu mjomba kwanza, "Shikamoo mjomba," akaitikia "Marahaba mwanangu," akamrudishia simu mwanawe. Binamu alikuwa ametoka hospitali asubuhi. Amepimwa, amepewa Jumatano ya juma la pili la Mei. Mkewe atakwenda naye. Shemeji zake wawili wamekubali kupiga salfa katika mikorosho yake mwezi wa sita, kwa malipo ya kilo kadhaa msimu ukifika, na nadhani wamempunja kidogo, lakini hayo ni yao.

Kisha akaniuliza kama mwezi wa saba ataweza kuibeba mgongoni ile mashine ya kupulizia. Nikamwambia safari hii amuulize daktari wake mwenyewe, tena asikilize mpaka mwisho.